Naomba ushauri: kwenda Mount Rushmore na gari kubwa la kulala

Heshima kwenu wakuu, shikamooni wakubwa.

Tunaishi Marekani, na mwezi ujao tunampeleka mama, aliyetutembelea kutoka Moshi, kuona zile sura nne za marais zilizochongwa mlimani huko South Dakota. Kila sura ina urefu wa mita 18 hivi, na kazi ile ilichukua miaka 14, kuanzia 1927 hadi 1941. Mama ana hamu nayo sana, ila magoti yanamsumbua, ndiyo maana tumekodi RV ili apate kitanda na choo humo humo.

Ninachohofia ni barabara. Ramani ya simu inanipitisha Iron Mountain Road, ambako mahandaki yamechimbwa yakielekea zile sura. Nasikia mandhari yake ni ya ajabu, lakini mahandaki ni membamba na kona zimejikunja mno. Gari letu lina upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 9. Niliwauliza waliotukodisha, wakaniambia tu niangalie kimo. Hilo halijanitosha, nabeba mzazi.

Kwa aliyewahi kuendesha gari la aina hii huko: nikitoka Rapid City kwa barabara ya 16 hadi Keystone, kisha nikashika ya 244, nitafika bila kukutana na handaki?

Na tukibaki hadi taa za usiku ziwashwe, ni salama kushuka gizani, au tutafute pa kulala Keystone?