Mikutano ya maoni kuhusu miradi ya ujenzi mitaani imekuwa geresha tupu

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na tabia ya kutuita wakazi kwenye mkutano wa maoni wakati mchoro umeshapitishwa na mkandarasi ameshapatikana, kisha tunapohoji tunaitwa wapinga maendeleo. Katika mkutano uliohusu ghorofa linalotaka kusimama jirani yetu, muda wa maswali ulimezwa na hotuba za utangulizi, na fomu ya maoni ilikuwa na mistari mitatu tu ya kuandikia. Karatasi ya mahudhurio tuliyosaini mlangoni, kuonyesha tu kwamba tumefika, ikaja kuambatanishwa kwenye maombi ya kibali kama ushahidi kwamba wakazi wameridhia mradi. Kama huo si utapeli, naomba nielezwe ni nini.

Wahusika hawawezi kujitetea kwamba utaratibu bora haujulikani. Kesi ya Gunning ya mwaka 1985 nchini Uingereza ilizaa masharti ambayo mtu yeyote anaweza kuyaelewa: maoni yatafutwe pendekezo likiwa bado linaundwa, watu wapewe taarifa na muda wa kutosha, na walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya uamuzi. Mkataba wa Aarhus wa 1998, ule wa kimataifa unaohusu ushiriki wa wananchi katika maamuzi ya mazingira, nao unataka wananchi washirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Sisi tuliulizwa rangi ya uzio, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa hakijaamuliwa!

Sisemi kwamba kila pingamizi ni la haki, kwani wapo majirani ambao, wakishajenga kwao, hawataki mtu mwingine ajenge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliochambua kumbukumbu za mikutano ya mipango katika miji ya Massachusetts waliona kwamba wanaosimama kuzungumza huwa zaidi ni wazee, wanaume na wenye nyumba, na wengi wao hupinga. Mpangaji anayetoka kazini usiku, ambaye pengine angefurahia nyumba mpya zipatikane, hasikiki. Hata hivyo, lawama hapo ni ya mwandaaji anayeitisha kikao kimoja, kwa saa anayoitaka yeye, halafu akachukulia kelele za waliofika kuwa ndiyo sauti ya mtaa mzima.

Hoja zetu nyingi zilikuwa za kawaida kabisa: maji ya mvua yataelekezwa wapi, lango la magari kwa nini lifunguke kwenye njia ya watoto wa shule, na kivuli cha jengo kitaangukia nyumba zipi. Mambo hayo hurekebishika kwa kalamu mchoro ukiwa mezani, lakini kibali kikishatoka anayetaka yarekebishwe hubakiwa na mahakama, na hapo mwenye mradi naye hupoteza muda na fedha.

Ninachodai ni jedwali linalobandikwa hadharani kabla ya kibali kutolewa, likionyesha kila hoja iliyotolewa, jibu lake, na kilichobadilishwa kwenye mchoro au sababu ya kutobadilisha. Maafisa mipango mliomo humu, kinachowashinda kuandaa jedwali hilo ni nini hasa?