Hivi Rauru ndo mfalme wa kwanza wa Hyrule kweli au tunazugwa?

Kofia_ya_Kijani:
Wakuu habari zenu. Juzi nimemaliza Tears of the Kingdom, gemu la mfululizo wa Zelda, kwa mara ya pili, na safari hii nimecheza taratibu, machozi yote ya joka nimeyapitia, kila kumbukumbu nimeiangalia mpaka mwisho, na badala ya kuelewa ndo nimevurugwa kabisa. Kwenye ile historia ya kale Rauru na mkewe Sonia ndo wanaanzisha ufalme wa Hyrule, sawa. Halafu anakuja Ganondorf, adui mkuu wa hadithi hizi, anapiga goti mbele ya kiti cha mfalme anajifanya mpole. Sasa hiyo sehemu mi nishaiona! Gemu la Ocarina of Time, 1998, binti mfalme Zelda bado mdogo yuko pale bustanini anachungulia dirishani, anamwita Link, shujaa tunayemchezesha, aje naye aone, ndani kuna jamaa kapiga goti mbele ya mfalme. Jina lilelile, goti lilelile, mfalme mwingine.

Kwahiyo kama Rauru ni wa kwanza kweli, huyu Ganondorf alifungiwa chini ya kasri kabla hata ya Ocarina. Yule wa Ocarina katokea wapi? Walikuwepo wawili kwa wakati mmoja, mmoja chini kakauka kama jani la tumbaku na mwingine juu anasumbua watu? Na hiyo vita ya kumfungia si ndo ilee iliyotajwa kwenye gemu la A Link to the Past? Nieleweni, naombeni mtu asije kuniambia "ni gemu tu furahia", nimeshafurahia, sasa nataka kuelewa.

Bokoblin_Mstaafu:
Mkuu karibu kwenye ugonjwa, hauna dawa huu.

Anza hapa. Kitabu cha Hyrule Historia kilichotoka Japani 2011 kilisema baada ya Ocarina hadithi inagawanyika matawi matatu. Link akishinda na kurudishwa utotoni unapata tawi la Majora's Mask na Twilight Princess. Ule wakati wa utu uzima aliouacha nyuma unaendelea bila shujaa, Ganon (ndo huyohuyo Ganondorf) anarudi, nchi inafunikwa na bahari, hapo ndo Wind Waker. Na la tatu ndo lenye kelele, Link anapigwa na Ganon anakufa, humo ndo wameingiza A Link to the Past, Link's Awakening na yale mawili ya mwanzo kabisa ya 1986 na 1987. Hilo la tatu mimi sijawahi kulimeza vizuri maana nimekufa kwa Ganon mara kumi na kitu, sasa kila nikifa linazaliwa tawi au?

Sasa swali lako. Jibu ambalo wengi tumelikubali ni kwamba Rauru ni mfalme wa kwanza wa Hyrule HII, siyo ya kwanza kabisa. Ile ya zamani ilianguka, watu wakasahau, miaka ikapita mingi mno, wakaja Wazonai, kabila la Rauru, kutoka juu angani, ufalme ukaanzishwa upya kwa jina lilelile. Fujibayashi mwenyewe, ambaye ndo mwongozaji, alishaulizwa na akasema kuanguka na kuanzishwa upya ni kitu kinachowezekana. Hakusema ndiyo wala hapana, ila mlango kauacha wazi.

Ushahidi wangu mkubwa ni Warito, wale watu-ndege. Kwenye vita ya Rauru kuna mhenga Mrito kabisa, ana mabawa, yuko pale anapigana. Wind Waker inatuambia Warito walitokana na Wazora, wale watu-samaki, na hiyo ni baada ya mafuriko, miaka mingi baada ya Ocarina. Kama Rauru alikuwa kabla ya Ocarina, huyo ndege katoka wapi?

chumvi_ya_mawe:
Nakazia hapo kwa Bokoblin na naongezea kitu ambacho watu wanapita juu yake kila siku. Fungua Breath of the Wild (BotW), gemu lililotangulia Tears, nenda kwenye mfuko wa vifaa vya kupikia, simamisha kimshale kwenye chumvi ya mawe usome maelezo. Wameandika ni chumvi iliyoganda kutoka BAHARI YA KALE. Chumvi hiyo unaipiga kwenye miamba juu ya milima! Nani kaipeleka bahari mlimani kama siyo mafuriko ya Wind Waker. Na Wakorok, vile viumbe vidogo vya msituni, nao wapo, ambao walianza kuonekana Wind Waker.

Kwahiyo kwangu mimi BotW iko mwisho wa tawi la bahari, biashara imeisha.

Bokoblin_Mstaafu:
@chumvi_ya_mawe hapo umeteleza ndugu. Kwenye sherehe ya kumkabidhi Link upanga, ile kumbukumbu ya BotW, Zelda anataja anga, anataja kuyumba ndani ya wakati, anataja makaa ya machweo. Machweo ni Twilight Princess, na hiyo iko tawi lingine kabisa. Ukichukua chumvi uichukue na machweo pia, huwezi kuchagua nyama ukaacha mfupa.

chumvi_ya_mawe:
Ushairi huo mkuu. Chumvi ni kitu cha kushika mkononi.

Mzee_wa_Katriji:
Vijana mnachekesha sana. Mimi nimeanza na haya magemu kabla hayo matawi hayajatungwa, na nawaambia mnatafuta msingi wa nyumba iliyojengwa kuanzia paa.

Mfano mmoja tu. Rauru. Zelda II ya 1987 Rauru ni jina la MJI. Ruto mji, Saria mji, Nabooru mji, Darunia mji. 1998 wanatengeneza Ocarina wanahitaji majina, wakachukua ya miji wakawapa wahenga, Rauru akawa mzee mnene mwenye ndevu. 2023 Rauru ni mfalme mwenye masikio marefu na jicho kwenye paji la uso. Ndani ya hadithi mtasema miji ilipewa majina ya wahenga, na imekaa vizuri kweli sikatai, ila kazi ilifanyika kinyumenyume. Wanaanza na jinsi gemu litakavyochezeka, hadithi inakuja kushonewa baadaye, watengenezaji wenyewe Miyamoto na Aonuma hawajawahi kulificha hilo.

Na hata huo mpangilio rasmi haujatulia. Hyrule Historia iliweka Link's Awakening baada ya yale mawili ya Oracle. Ensaiklopidia ya Zelda ya 2017 ikalihamisha ikaliweka kabla. Waliokuwa wamegombana miaka sita kwa kutumia kitabu cha kwanza wakaachwa wanashangaa. Na hicho kitabu chenyewe kilishaonya kwamba mpangilio unaweza kubadilika, sema hakuna anayesoma maonyo.

Halafu 2024 kule Sydney wameonyesha chati mpya ya mpangilio wa magemu, BotW na Tears wamewekwa pembeni peke yao, hawajaunganishwa na tawi lolote. Wenye mali wameona kelele zenu wakaamua kuhamia kiwanja kingine.

Dada_wa_Hateno:
Naomba niwaulize kaka zangu kitu. Mnagombania mambo ya kale kabisa, mimi bado nimekwama kwenye miaka michache tu kati ya BotW na Tears. Mfalme wa kale kama alikuwa wa kwanza au wa tano mi hainiumi, zile ni hekaya, hekaya zinagongana, hata mtu mmoja ukimwambia asimulie mara mbili atabadilisha. Ila haya magemu mawili ni mwendelezo wa moja kwa moja, Link yuleyule Zelda yuleyule, hapo hakuna cha hekaya.

Nimenunua nyumba kijiji cha Hateno kwenye BotW. Rupii 3000 na mafungu 30 ya kuni, nimekata miti mpaka shoka limevunjika, namletea fundi Bolson kuni zake. Halafu nimemsaidia mfanyakazi wake Hudson kujenga mji wa Tarrey Town kuanzia mwamba mtupu. Nafungua Tears, nyumba yangu inaitwa nyumba ya Zelda. Haya, labda wanaishi pamoja, sitaki ugomvi. Naenda kijiji cha Lurelin namkuta Bolson, anaongea na mimi kama ndo kwanza ananiona! Hudson ananikumbuka, Bolson hanikumbuki. Mtu na mwajiri wake!

Na teknolojia ya Sheikah, lile kabila la kale, imeenda wapi? Mahekalu 120, minara 15, wale wanyama wanne wa chuma wakubwa kama milima, vyote havipo na hakuna mwanakijiji anayesema "hivi ile minara iko wapi siku hizi". Nilienda mpaka kile chumba Link alikolala miaka 100, nimekuta pango tu. Fujibayashi aliulizwa akajibu kwamba vilitoweka baada ya Calamity (lile janga la Ganon) kuisha na watu wakaona ni maajabu tu wakaendelea na maisha. Sasa si waandike sentensi hiyo ndani ya gemu? Purah, yule mwanasayansi, angeisema kwa sekunde tano tungenyamaza wote.

Mzee_wa_Katriji:
Dada hapo sina la kubisha. Umenipiga kwenye mshono.

Bokoblin_Mstaafu:
Kuhusu Bolson nadhani waliogopa kumchanganya mtu ambaye hakucheza la kwanza, maana siyo kila mtu alinunua ile nyumba. Ila Hudson wameweza, kwahiyo hata hiyo sababu haisimami vizuri, naona ninavyoandika inaniangukia.

Kofia_ya_Kijani:
Asanteni wakuu. Kwa Warito nimekubali, Rauru ni mfalme wa kwanza wa pili, tuseme hivyo. Nimewasha BotW usiku huu nikasoma ile chumvi, kweli wameandika bahari ya kale, miaka yote nilikuwa naitupia kwenye nyama tu bila kusoma.

Halafu nikaingia Tears kumtafuta Bolson. Hanijui kweli. Ananiangalia hivihivi.

chumvi_ya_mawe:
Si nilisema. Chumvi haidanganyi.

Bokoblin_Mstaafu:
Na machweo?