Tupeane uzoefu: laptop ikienda kwa fundi, data zako unaziachaje?

Mleta mada
Wakuu, naanza mimi. Kilichoharibika kilikuwa kioo tu. Nikahamishia kila kitu kwenye diski ya nje, nikaichomoa haraka haraka bila kuitoa kwanza kwenye mfumo, nikaifuta laptop na kuipeleka. Iliporudi nachomeka diski: folda la picha lipo, majina yapo, nabofya, haifunguki. Nyingine, haifunguki. Nilikaa hadi saa nane usiku nikibofya moja moja. Humo zilikuwamo picha za mama alipokuwa hai. Tangu siku hiyo sifuti kitu kabla sijazifungua nakala kwenye kompyuta nyingine. Nyie yaliwakuta yapi?

Kiraka
Pole sana mkuu, hilo linauma. Mimi data zilibaki, ila fundi alibadilisha mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), nikiwasha, BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga data za diski, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Sikujua hata kama ilikuwa imewashwa! Bahati nzuri ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft. Nikaufungua kwa simu, nikaingiza sita sita, mara nane, jasho linanitoka. Siku hizi nauandika karatasini kabla laptop haijatoka nyumbani.

Chelewa_Ufike
Sisi wa MacBook za M1 hakuna cha kuchomoa diski, imechomelewa kwenye mazabodi na data zimefungwa na chipu yenyewe. Mazabodi ikibadilishwa, vya zamani ndiyo basi. Time Machine, programu ya Mac ya kuweka nakala, ilinirudishia vyote, ikachukua usiku kucha.

Bisibisi
Tatizo likiwa kibodi au betri mimi sifuti. Nafungua kifuniko, skrubu moja ndogo, nachomoa SSD (diski ya ndani yenye data) nabaki nayo. Fundi mzuri hakatai, kibodi ataijaribu hata kwa kuwasha laptop kwa mfumo ulio kwenye flashi.
Na mnaofuta, fomati ya haraka haifuti, inaondoa orodha ya mafaili tu. Rafiki yangu alipiga Windows upya kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, programu ya kurejesha mafaili ikamtolea barua zake za kazi karibu zote. Washeni kwanza usimbaji wa diski nzima, yaani data zote zifungwe zisisomeke bila ufunguo, ndipo mfute.

Mleta mada
Bisibisi, ulipoirudisha SSD iliwaka moja kwa moja?

Bisibisi
Iliwaka, mkuu. Zima kabisa, chomoa chaja, na betri itenganishe kwanza. Skrubu yake ibandike kwa selotepu kwenye kifuniko, ni ndogo kama punje ya mtama.