Disney Springs, CityWalk au Downtown Disney ya Anaheim: tulale karibu na wapi?

Mama_Zuu
Habari zenu wana jukwaa. Tunapanga safari ya familia kwenda Marekani na nimebakiza jambo moja tu kabla sijalipia hoteli. Mchana tutakuwa kwenye bustani za burudani, hilo limeshaamuliwa. Ninachotafuta ni mahali pa jioni: tule, tutembee, watoto wachague vitu vyao, bila kulipa kiingilio kingine. Nimebaki na sehemu tatu. Disney Springs na Universal CityWalk ziko Orlando, na Downtown Disney iko Anaheim, California. Kila nikisoma maoni ya mashabiki nakuta ugomvi. Huyu anasema upanuzi umepaharibu, yule anasema kabla ya upanuzi palikuwa hapapitiki. Mliofika, nishaurini. Bei za vyumba zinapanda na nataka kulipia wiki hii.

Nahodha_Bara
Dada, maelezo hayajatosha. Watoto wana umri gani? Mtakodi gari au mtategemea mabasi? Tiketi ni za Disney au za Universal? Mnakwenda mwezi gani? Na bajeti ya chumba? Kutoka Orlando hadi kusini mwa California ni ndege ya zaidi ya saa tano, kwa hiyo Anaheim ni safari nyingine kabisa. Tupe data tukusaidie.

Kibibi_wa_Ziwani
Mimi nasema Disney Springs bila kusita. Wanaosema upanuzi umepaharibu wamesahau hali ilivyokuwa. Enzi za Downtown Disney, jina la zamani la Disney Springs, ulikuwa unazunguka kwenye maegesho ya wazi jua linakuchoma, unavizia mtu anayeondoka. Sasa kuna majengo ya maegesho ya ghorofa, bure, na juu ya kila nafasi kuna taa: kijani pako wazi, nyekundu pamechukuliwa. Unaingia, unafuata taa, umemaliza. Peke yake hilo lilinibadilishia jioni nzima.

Halafu chakula. Morimoto Asia, Jaleo, The Boathouse yenye yale magari ya miaka ya 1960 yanayoteremka kwenye mteremko na kuingia majini abiria wakiwa ndani. Watoto wangu waliacha sahani zao na kusimama kwenye uzio wakisubiri gari linalofuata. Ukienda upande wa Marketplace kuna joka la LEGO limechomoza ziwani, shingo na mkia juu ya maji. Hiyo yote ni bure kutazama.

Mkongwe_wa_Florida
Kibibi, maegesho nakubali. Mengine ngoja niseme kama mtu aliyepajua zamani. Pale palianza 1975 kama kijiji cha maduka kando ya ziwa, patulivu, unatembea taratibu. Mwaka 1989 wakafungua Pleasure Island, kisiwa cha vilabu vya usiku, na kila usiku palisherehekewa kama mkesha wa mwaka mpya, fataki zikiwemo. Kulikuwa na Adventurers Club, chumba kilichojaa vinyago na picha, waigizaji wanakaa meza moja na wewe na kukupa jina la mchezo kwa usiku ule. Watu walikuwa wanakwenda Florida kwa ajili ya chumba kile. Wakafunga vilabu vyote Septemba 2008.

Upanuzi ukatangazwa 2013, jina la Disney Springs likaja 2015, na eneo la Town Center likafunguliwa Mei 2016. Na Town Center wameweka nini? Zara, Uniqlo, Sephora. Maduka mazuri, sikatai, lakini yapo kwenye kila moli kubwa. Anayesafiri mbali hivyo anastahili kitu asichokipata kwingine. Hilo ndilo linalowauma mashabiki, na mimi nipo pamoja nao.

Kibibi_wa_Ziwani
Mzee wangu, shikamoo, lakini vilabu vya usiku visingemsaidia mama mwenye watoto. Na vile vya kipekee bado vipo. Duka la World of Disney lipo. Puto kubwa lililofungwa kwa kamba linalopandisha watu juu lipo. Wanasarakasi wa Cirque du Soleil walifunga onyesho la zamani mwisho wa 2017 na wakarudi na jipya Novemba 2021. Hizo Zara anaweza kuzipita bila kuingia.

Mkongwe_wa_Florida
Marahaba mwanangu. Kuzipita anaweza, ila ardhi ni ileile. Kila mita iliyopewa duka la nguo la kawaida ni mita iliyonyimwa kitu cha Disney chenyewe.

Fundi_Rola
Mnazozana juu ya Disney kana kwamba Universal haipo. Dada, kaa karibu na CityWalk. Ilifunguliwa 1999 na imekaa katikati ya bustani mbili, Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Ukitoka kwenye lango umeshafika kwenye chakula. Disney Springs haina bustani yoyote jirani, lazima upande chombo. Hoteli tatu za daraja la juu, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, zinakupa pasi ya Express ya kuruka foleni kwenye bustani hizo mbili kama sehemu ya chumba. Mnarudi hotelini kwa boti au kwa miguu. Chumba ni ghali, lakini piga hesabu ya pasi za familia nzima ukizinunua pembeni ndipo utaona.

Angalizo: pasi hiyo haifanyi kazi Epic Universe, ile bustani mpya ya Universal iliyofunguliwa Mei 2025. Nayo iko mbali kidogo, mtapanda basi.

Mama_Zuu
Asanteni sana. Watoto ni wa miaka 6 na 13, na tunakwenda na mama mkwe ambaye goti linamsumbua. Hatutakodi gari. Tunakwenda Julai. Kuna hoteli moja nje ya bustani imenivutia, bei nafuu, wanasema wana basi la bure hadi Disney Springs. Hiyo mnaionaje?

Bi_Salma_Safari
Mama Zuu, hapo kwenye "basi la bure" ngoja nikueleze yaliyotupata, maana sipendi yakukute na mama mkwe ana goti.

Tulilala hoteli ya nje, jina silitaji. Kwenye tangazo waliandika basi la bure kila nusu saa. Tulipofika, mapokezi wakarudia maneno yaleyale. Jioni ya kwanza tulikwenda vizuri, basi lilikuja, tukala, tukanunua. Kurudi ndipo shida ilipoanza. Kituo cha mabasi ya hoteli za nje hakikuwa pale tuliposhushiwa, tukazunguka na mifuko hadi tukakiona. Tukasubiri. Yakaja mabasi ya hoteli nyingine, yakaondoka. Mtoto wangu mdogo akalala begani, baba yake akawa anambadilisha bega. Mvua ya Florida ikashuka ghafla, ile ya radi, watu wote tukajibana chini ya paa moja dogo. Nikapiga simu hotelini, wakasema basi limeshapita. Halikupita, nilikuwa nimekaza macho barabarani. Nikapiga tena, wakasema linalofuata ndilo la mwisho na huchukua wageni wa hoteli kadhaa. Lilipofika lilikuwa limejaa, dereva akafungua mlango akatikisa kichwa, akafunga. Tukaita gari kwa simu na kulipa wenyewe.

Kesho yake nikaona kwenye lifti ratiba iliyochapishwa: mabasi machache mno, na ya usiku yanataka uwe umejiandikisha asubuhi. Mapokezi hawakuwahi kunitajia. Na wakati wa kuondoka tukakuta kwenye bili ada ya risoti kwa kila siku, wakasema ndiyo inayogharamia "usafiri wa wageni". Nilibishana nao, wakagoma kuipunguza hata senti.

Kwa hiyo usilipe kabla hujaomba ratiba yenyewe kwa maandishi, ukaona saa ya basi la mwisho, ukauliza kama unajiandikisha, na ukajua ada ya risoti ni kiasi gani. Bei ya chumba unayoiona mwanzo mara nyingi haina ada hiyo wala kodi.

Nahodha_Bara
Pole sana Bi Salma. Mleta uzi, bila gari na goti bovu, Julai, usikae mbali. Julai kule ni joto na mvua za radi za alasiri karibu kila siku. Na bado hujasema tiketi ni za wapi. Hilo ndilo linaloamua.

Kibibi_wa_Ziwani
Kama ni Disney, angalia hoteli yao ya Saratoga Springs. Ina njia ya miguu na boti hadi Disney Springs. Port Orleans nayo ina boti ya mtoni, taratibu, mama mkwe ataketi na kupunga upepo. Hilton Buena Vista Palace si ya Disney, lakini ina daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara hadi kwenye maduka.

Fundi_Rola
Boti husimama radi ikipiga. Julai. Mwambie na hilo.

Kibibi_wa_Ziwani
Basi lipo, Fundi. Na boti za Universal hazipiti chini ya ardhi.

Twiga_Mpole
Kwa nini hakuna aliyetaja Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney yenye wanyama? Jambo House ina vyumba vinavyotazama mbuga, unaamka twiga anakula majani mbele ya roshani. Mkahawa wa Sanaa pale Kidani Village una mikate ya kuchovya kwenye michuzi mbalimbali, mtamu kweli. Mama mkwe ataketi kwenye roshani jioni nzima bila kuchoka.

Nahodha_Bara
Twiga, pazuri, lakini mleta uzi anataka maduka na matembezi ya jioni. Kutoka pale hadi Disney Springs ni basi tu, na ni mbali.

Jirani_wa_Anaheim
Na mimi niseme kuhusu Anaheim, maana mmeifukuza mapema. Downtown Disney ya hapa ilifunguliwa Januari 2001 na ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambapo mtu asiye na gari anakuwa huru kweli. Lango la Disneyland, lango la California Adventure, maduka na hoteli vyote vimeshikana kwa miguu. Kwa goti bovu hakuna mpinzani.

Upanuzi wa hapa nao una historia yake. Mwaka 2018 walifunga sinema na migahawa ya ESPN Zone na Rainforest Cafe ili wajenge hoteli ya kifahari. Ukatokea mvutano na jiji juu ya nafuu ya kodi, hoteli ikafutwa mwaka huohuo, na mashabiki tukabaki kutazama majengo matupu. Baadaye ndiyo wakaanza kupajenga upya upande wa magharibi. Mgahawa wa Din Tai Fung ulifunguliwa 2024, na vile vitonge vyake vya unga vyenye nyama ndani navipenda kuliko chakula chochote ndani ya bustani. Mei 2024 baraza la jiji likapitisha mpango wa upanuzi wa DisneylandForward, Disney wakaahidi kuwekeza angalau dola bilioni 1.9.

Mkongwe_wa_Florida
Jirani, na wakazi walilalamikia barabara ya Magic Way kuuzwa kwa kampuni. Upanuzi hauhusu maduka tu. Mtu anayeishi pale alikuwa akipita hapo kila asubuhi.

Jirani_wa_Anaheim
Ni kweli, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hoteli na migahawa ya eneo hili inalipa kodi inayoendesha jiji, na mimi naishi humu. Napendelea wajenge kuliko paachwe patupu kama 2018.

Mkongwe_wa_Florida
Patupu hata Florida pako. Waliondoa DisneyQuest, jengo zima la michezo ya ndani, 2017. Wakaweka NBA Experience, jengo la michezo ya mpira wa kikapu, Agosti 2019. Haikumaliza hata mwaka kabla ya kufungwa 2020, na haikufunguliwa tena. Mvua ya Julai ikishuka, mtoto wa miaka 13 angekimbilia wapi kama si jengo kama lile?

Fundi_Rola
Hapo mzee umenena. CityWalk angalau ina sinema na gofu ndogo palepale.

Kibibi_wa_Ziwani
Gofu ndogo ya nje kwenye radi? Disney Springs pia ina sinema, AMC.

Mama_Zuu
Nimesoma yote, asanteni mno. Ile hoteli ya basi la bure nimewaandikia kuomba ratiba, hawajajibu. Mume wangu sasa amevutiwa na Anaheim kwa sababu ya goti la mama. Kijana mkubwa anataka Epic Universe na hataki kusikia kingine. Tiketi bado hatujanunua zozote.

Nahodha_Bara
Kumbe! Basi dada anza na tiketi, hoteli itafuata. Kijana akishinda, jadili hoteli zilizo pale Epic penyewe: Stella Nova, Terra Luna na Helios Grand.

Bi_Salma_Safari
Na wasipojibu kuhusu ratiba hadi kesho, hilo nalo ni jibu.

Twiga_Mpole
Mama mkwe mwenyewe ameulizwa anataka nini?