MJADALA: RNA ya kijipande cha msuli ikizidishwa maabara, tuyaamini majibu yake?

Mwanzisha mada:
Wakuu, hoja hii inagusa mwili wa mgonjwa. Ili kujua jeni zipi zinafanya kazi ndani ya msuli, lazima upate RNA yake, yaani nakala za maagizo ya jeni zinazofanya kazi. Wapo wanaoshikilia kwamba ni heri kupasua na kukata kipande kikubwa, eti RNA ya kijipande kidogo, ambayo kwa uchache wake lazima izidishwe maabara, haiaminiki. Napinga. Sindano nyembamba hutoa miligramu 10 hadi 20, kama punje ya mchele. Mgonjwa anapigwa ganzi na kubaki na kitobo kisichohitaji kushonwa. Mtoto ambaye misuli yake inakwisha, ukimkata kipande kikubwa unamnyang'anya kilekile unachotaka kukiokoa.

Njia ya kuzidisha RNA kidogo ipo tangu 1990. RNA inanakiliwa kuwa DNA iliyobandikwa kianzio cha T7 (kipande cha DNA ambapo kimeng'enya huanzia kazi), kisha kimeng'enya hicho kinachapa nakala za RNA kutoka kwenye DNA hiyo. Nakala haizai nakala, kwa hiyo upotovu haujirudufu kila mzunguko kama kwenye PCR, njia ya kuzidisha DNA ambako nakala nazo hunakiliwa tena.

Mchangiaji:
Mkuu, umeruka jambo. Kunakili kunaanzia mkiani mwa mRNA, yaani RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini. RNA ikiwa kidogo mno unalazimika kurudia duru ya pili, na hapo vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili vinashika popote, kwa hiyo upande wa kichwa unazidi kukatika. mRNA ya distrofini, protini ya msuli ambayo hitilafu yake huimaliza misuli, ina herufi kama 14,000 na eksoni (vipande vya maagizo vilivyounganishwa) 79. Hitilafu ikiwa kwenye eksoni za mwanzo utaionea wapi? Tena sindano ikiangukia kwenye mafuta, kuzidisha kutakuzidishia mafuta hayohayo.

Mwanzisha mada:
Dada, kwa distrofini umenibana, nakubali. Kusoma eksoni za mwanzo kwenye RNA ya duru mbili ni kumkosea mgonjwa. Hapo itumike PCR inayolenga eksoni hizo moja kwa moja. Lakini mara nyingi tunachouliza ni kama jeni imepanda au imeshuka baada ya dawa au mazoezi. Sampuli zote zikipita njia ileile na duru zilezile, upotovu unalemea pande zote mbili na tofauti bado inaonekana. Kinachoharibu kazi ni kulinganisha sampuli iliyozidishwa na isiyozidishwa. Hilo nalipinga kuliko wewe.

Na la mafuta: sindano ichome mara mbili tatu kupitia kitobo kilekile, kila kijipande kipimwe peke yake. Vyote vitatu havifiki miligramu 100.