Gari la Formula One limenenepa, na halo inasingiziwa bure

Wadau, nimechoka kuambiwa kila msimu kwamba magari ya Formula One yamekuwa mazito kwa sababu ya usalama wa madereva. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni mdogo mno kuweza kubeba lawama yote.

Mwaka 2008 kanuni zilitaka gari pamoja na dereva wake, bila mafuta, lisipungue kilo 605. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa kilo 800. Hizo ni kilo 195 zaidi, katika mchezo ambao timu huacha sehemu za bodi bila rangi, kaboni ikionekana wazi, ili kuokoa gramu chache tu.

Halo, yaani ule upinde wa titani unaomkinga dereva kichwa tangu 2018, ina uzito wa takriban kilo 7. Ongeza uimarishaji wa bodi unaohitajika ili kuishikilia, ongeza na majaribio makali ya kugongana, bado hutazikaribia kilo 195. Dereva Romain Grosjean alipopasua kizuizi cha chuma kule Bahrain mwaka 2020, gari likakatika vipande viwili na kuwaka moto, halo ndiyo iliyomwezesha kutoka akiwa hai. Kuifanya kisingizio baada ya hapo ni utovu wa shukrani.

Uzito umetoka kwingine. Injini za V8 zilizotumika hadi 2013 ziliwekewa kiwango cha chini cha kilo 95. Mfumo mseto wa petroli na umeme ulioingia 2014, pamoja na turbo, mota zake mbili na betri, ulianzia kilo 145, na hapo hujahesabu rejeta za kuupoza. Kabla ya hapo, mwaka 2010, kujaza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku, kwa hiyo tangi likalazimika kuwa kubwa ili libebe mafuta ya mbio nzima. Mwaka 2022 zikaja rimu za inchi 18 badala ya 13, uzito ulioongezwa mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa magurudumu hayabebwi na springi na kila kilo yake huifanya kazi ya kulituliza gari juu ya matuta iwe ngumu zaidi.

Halafu kuna urefu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kanuni za 2022 ziliruhusu hadi meta 3.6 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Sakafu ndefu huzalisha mgandamizo mwingi zaidi wa hewa, ule unaolibana gari barabarani, basi mhandisi gani angejinyima? Siwalaumu wao, aliyewapa nafasi hiyo ndiye wa kulaumiwa. Gharama yake huonekana kwenye kona za mwendo mdogo, ambako hewa haisaidii sana na matairi peke yake yanapaswa kuugeuza mwili huo mrefu na mzito.

Najua atakuja mtu kudai kwamba kumpita mwenzako kulikuwa kugumu hata zamani, akitaja mbio za Monaco za 1992, dereva Nigel Mansell alipomfukuza Ayrton Senna hadi mwisho bila kumpita, na magari ya wakati ule yalikuwa mapana kuliko haya. Ni kweli. Lakini gari la Mansell lilikuwa na chini ya meta 3 kati ya ekseli, naye aliweza kulitupa kushoto na kulia akitafuta upenyo. Mwaka 2025, hapo hapo Monaco, ilibidi kanuni iwalazimishe madereva kubadili matairi angalau mara mbili ili mbio zipate msisimko, na baadhi ya timu zikaitumia kwa kumwamuru dereva mmoja ajikokote ili mwenzake apate mwanya wa kubadili matairi. Huo si ushindani.

Sasa kanuni za 2026 zimeshusha uzito hadi kilo 768, urefu kati ya ekseli hadi meta 3.4 na upana hadi meta 1.9, huku nguvu ya mota ya umeme ikipandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350, na tunatakiwa tupige makofi. Ni hatua, sikatai. Lakini asiitwe mwepesi mtu aliyenenepa kilo 195 akapungua 32. Anayeshikilia kwamba usalama ndio sababu, atuletee hapa hesabu ya kilo 163 zilizobaki, kifaa kwa kifaa.