Tupeane uzoefu: magugu vamizi kwenye ardhi iliyovurugwa

Jembe Halilali
Wakuu, tingatinga likishapita na bomba likishafukiwa, kinachobaki ni udongo mtupu. Kwangu ukanda wote uliochimbwa uliota gugu karoti, ilhali nyasi za pembeni ambazo hazikuguswa zilibaki safi. Gugu hili hustawi pale ambapo halina mshindani.

Likiwa changa hulala chini, majani yamechanikachanika kama ya karoti na yamejipanga duara. Baadaye husimama, shina lina michirizi ya wima na vinyweleo, na juu hutawanya vimaua vidogo vyeupe. Likamateni kabla ya hapo. Huweza kuchanua wiki 4 hadi 6 tu baada ya kuota, na mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mimi hupita baada ya mvua, udongo ukiwa laini, nang'oa pamoja na mzizi, maana likifyekwa juu huchipua tena. Papo hapo napanda nyasi. Zilipofunga ardhi, kazi ya kung'oa ilipungua sana. Nyie mmepambana na lipi?

Mama Kunde
Kwenye gugu karoti naongeza: msiling'oe mikono mitupu. Mdogo wangu aliwashwa mpaka ngozi ikavimba, na wenye pumu chavua yake huwabana kifua. Vaeni glavu, mikono mirefu na barakoa. Likiwa limeshachanua, tieni kwenye gunia pale pale liliposimama. Ukiliburuta shamba zima, unapanda. Na ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu.

Mchimba Mtaro
Mimi ni ndago, na ililetwa na kifusi cha kusawazishia kiwanja. Wengi huiona kama nyasi. Papasa shina: lina pembe tatu. Chimbua taratibu utakuta vinundu vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi, na hapo ndipo uhai wake ulipo. Kulima mara moja na kuacha kunaikatakata tu, kila kinundu kikaanza maisha yake. Kilichonisaidia ni kutifua kiangazi, vinundu vikakauka juani, kisha kurudia kila ilipochipua. Mvua zilipoanza nikafunika eneo kwa viazi vitamu. Ndago haipendi kivuli hata kidogo. Haikwisha yote, ila sasa naimudu.

Mzee wa Mbuzi
Vijana wangu, kwenye machimbo ya zamani adui ni mathenge, ule mti wa miiba. Ukiukata juu ya ardhi unarudi na mashina mengi kuliko mwanzo. Fukua, ukate chini ya shingo ya mzizi, yaani pale shina linapokutana na mzizi, kwa sababu machipukizi hutokea hapo. Miche michanga ing'oeni mapema, ikikomaa ni kazi ya shoka. Na maganda yake matamu yakianguka, mifugo isipite: mbegu hupita tumboni salama na kuota kwenye samadi.

Mama Kunde
Shikamoo mzee, ahsante kwa hilo la samadi. Jembe Halilali, hiyo mitambo ilisafishwa kabla ya kuingia kwako?

Jembe Halilali
Haikusafishwa, dada. Minyororo ya tingatinga ilikuja na matope ya kazi nyingine. Siku hizi nasisitiza ioshwe nje ya mpaka, na pale inapooshewa napakagua kila mvua. Udongo wa juu nao tunautenga kando, tunaurudisha juu ule ule. Kifusi cha kuletewa sikipokei kabla sijaona kilikochimbwa na kinachoota pale.